Hati Mkononi, Haki Uwanjani

Mwaka 2023, ndani ya muda usiofika hata miezi miwili, mahakama za mwisho za nchi mbili tofauti ziliulizwa takriban swali lile lile. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu yake tarehe 1 Machi. Mahakama ya Juu ya Kenya ikatoa yake tarehe 21 Aprili. Kesi hazikuwa na uhusiano, sheria zao hazifanani, na sidhani kama majaji wa upande mmoja walikuwa na habari za upande wa pili. Lakini ukizivua kesi hizo majoho ya uwakili unabaki na jambo moja: ardhi iliyowekwa kwa ajili ya watu wote ikishauzwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo akapewa hati safi yenye muhuri na sahihi zote, je, wale watu wote wameshapoteza?

Mimi si wakili. Hukumu nazisoma kama nisomavyo riwaya, nikitafuta nani alitaka nini na nani alimficha nani. Na hizi mbili, wallahi, zina visa kuliko riwaya nyingi tulizozijadili humu.

Tuanze Uingereza. Shrewsbury ni mji wa kale uliozungukwa na mto Severn, mji aliozaliwa Charles Darwin. Mwaka 1926 baraza la mji huo lilinunua ardhi mahali paitwapo Greenfields ili iwe uwanja wa watu kupumzikia na kuchezea. Likazie macho hilo neno: lilinunua. Hakuna lodi aliyewapa kwa ukarimu wake, wala haikuwa ardhi iliyobaki tu ikiwa haina mtu. Fedha zilitoka katika mfuko wa mji, na mfuko wa mji hujazwa na kina nani? Na muuza maziwa, na mwalimu, na mjane mwenye chumba kimoja cha kupangisha. Kila mmoja alitoa kidogo ambacho angeweza kukila, pakapatikana uwanja badala yake. Wengine hawakuishi kuufaidi sana. Waliowanunulia ni wajukuu.

Miaka ikapita, kipande kimoja cha ardhi ile kikawa hakitumiki tena kama uwanja. Mfumo wa mabaraza ukabadilishwa, mipaka ikachorwa upya, na katika kupokezana huko kumbukumbu ya kwa nini ardhi ilinunuliwa ikapotea. Mwaka 2017 baraza la mji likakiuza kipande hicho kwa kampuni ya ujenzi kwa pauni 550,000. Mwaka uliofuata baraza la juu yake likatoa kibali cha kujenga nyumba 15.

Sasa, sheria ya Uingereza haikatazi baraza kuuza uwanja wa wazi. Inachodai ni jambo dogo mno, karibu la kuchekesha: kabla ya kuuza, tangaza kusudio lako katika gazeti la mahali pale kwa wiki mbili mfululizo, halafu uyafikirie mapingamizi yatakayoletwa. Basi. Ukifanya hivyo mnunuzi anaichukua ardhi ikiwa huru, haina deni la mtu. Baraza la Shrewsbury halikutangaza. Halikutangaza kwa sababu halikujua kwamba ardhi ile imefungwa na dhamana kwa faida ya umma, dhamana iliyotokana na sheria za mwaka 1875 na 1906.

Mkazi mmoja akaenda mahakamani kukipinga kibali cha ujenzi. Akashindwa. Akakata rufaa, akashindwa tena. Akaenda juu kabisa, na huko akashinda. Majaji walisema mauzo yenyewe hayabatiliki kwa kukosa tangazo. Kampuni ni mmiliki kihalali. Lakini ile haki ya watu kuitumia ardhi kwa mapumziko haikufa kwa kuuzwa. Imebaki pale pale, imeshikamana na udongo. Kibali cha nyumba 15 kikafutwa.

Yaani mwenye hati ni mmoja, mwenye haki ni mwingine, na wote wawili wamesimama juu ya nyasi zile zile. Kiswahili kimeyaweka maneno haya mawili karibu karibu, hati na haki, herufi moja tu inayatenga, na labda ndiyo maana tunayachanganya kila siku.

Kinachonishughulisha katika kisa hiki si ulaghai, maana ulaghai haukutajwa. Ni usahaulifu. Je, mtu anaweza kufungwa na ahadi asiyoikumbuka, tena aliyoitoa mwingine kabla yeye hajazaliwa? Nilipomsimulia jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinijibu bila kufikiri: "Deni la marehemu nani hulipa?" Kweli, kwetu Pwani mtu akifa hatugawi urithi kabla ya kuuliza kama alikuwa na madeni. Mtoto hawezi kusema baba hakuniambia. Anachoweza kusema ni onyesheni ushahidi, na ukionyeshwa, analipa. Na baraza ni kama mtu asiyekufa. Madiwani huja na kuondoka, makarani hustaafu, lakini baraza lililonunua mwaka 1926 na lile lililouza mwaka 2017, kwa jicho la mwananchi, ni mtu mmoja. Kama linarithi majengo na magari ya waliotangulia, litakosaje kurithi ahadi zao?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuielekeza kwa mwenye duka anayekopesha ovyo. Mimi naiona inawafaa zaidi watumishi wa umma. Mwenye duka akipoteza daftari, hasara ni yake. Karani wa baraza akipoteza jalada, hasara ni ya watu ambao hawajui hata kama kulikuwa na jalada.

Hapa nataka kuleta neno ambalo Waingereza wangelipenda kama wangelijua: amana. Kitu cha amana kiko mkononi mwako lakini si chako. Waweza kukilinda, kukipangusa vumbi, hata kukitumia kwa namna mliyokubaliana. Kukiuza ni jambo jingine. Tena kuna wakfu, ambayo ni amana iliyofungwa kwa kufuli. Msingi wake unasimuliwa katika habari ya Umar bin Khattab na ardhi yake ya Khaybar: shina la mali lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe, na matunda yake yaende kwa wahitaji. Watu wa miji yetu ya mwambao wameishi na fikra hii kwa karne nyingi. Misikiti, visima, makaburi, mashamba ya minazi yaliyowekwa ili taa ya msikiti isizimike. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuwepo kwa kitu kisichouzika ni wazo la kigeni, au la wanamazingira wa juzi.

Tofauti ipo, nakubali. Wakfu huwa na mtoaji mmoja, na nia yake inajulikana. Uwanja ulionunuliwa kwa kodi una watoaji elfu, na pengine nusu yao waliitoa ile kodi huku wakinung'unika. Lakini tofauti hiyo, nikiitazama, inazidi kulibana baraza. Aliyetoa kwa hiari huenda angekusamehe ukiharibu. Aliyetozwa kwa lazima, akaambiwa fedha yako tumenunulia uwanja, huyo una deni naye mara mbili: umeichukua bila kumwomba, kisha umemnyima kile ulichosema umeichukulia.

Twende Nyali sasa.

Anayeijua Mombasa anajua kwamba bahari ya Nyali ni ya watu wote, lakini kuifikia ni kwa hisani ya vichochoro. Kuna hoteli, kuna majumba, kuna kuta ndefu zilizopandwa vigae vya chupa juu, na kati yao vijia vichache vya mvuvi, mtoto na muuza madafu kupita. Kijia kimoja kikizibwa, watu hutembea hadi kingine. Kikizibwa cha pili, ndipo hugundua kwamba bahari imehama.

Kiwanja cha kesi ile kiliwekwa tangu zamani kuwa eneo la wazi. Mwaka 1989 kikagawiwa mtu, na mtu mwenyewe ni Daniel arap Moi, aliyekuwa rais wakati huo. Baadaye kikauzwa kwa kampuni, na kampuni hiyo ikakiuza kwa kampuni nyingine. Ukuta ukasimama. Mwezi Septemba mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ikaja ikaubomoa, ikisema inafungua njia ya kwenda ufukweni. Mwenye hati akashtaki. Akashindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, akashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu nayo ikamwambia hapana. Kwa maneno yangu, walisema hivi: hati ni mwisho wa safari, si mwanzo wake. Kama safari yenyewe ilianza kwa kugawa kisichogawika, hati haiwezi kuisafisha, hata ikiwa imepitia mikono mingapi. Eneo la wazi lilikuwa tayari na kazi yake ya umma. Halikuwa ardhi tupu ya kumgawia mtu. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 40, inasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Ona jinsi majukumu yalivyogeuka. Kule Shrewsbury serikali ya mtaa ndiyo iliyouza, na raia akatetea. Nyali serikali ya mtaa ndiyo iliyobomoa ukuta. Kwa hiyo hadithi rahisi ya halmashauri mwizi na wananchi malaika haitutoshi. Chombo ni kile kile. Kinaweza kuwa mlinzi asubuhi na dalali jioni, kutegemea nani ameketi kitini, nani ana jalada, na nani anatazama. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kaunti inaishika ardhi ya namna hii kwa amana, kwa niaba ya wakazi. Maneno mazuri. Lakini amana bila mwenye mali kuuliza habari zake, polepole, hugeuka kuwa mali ya anayeishika. Hata katika nyumba zetu ni hivyo. Muachie ndugu sufuria yako miaka kumi, urudi uione imeandikwa jina la nani.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba lile tingatinga la 2017 silifurahii. Kama kaunti ilikuwa na haki, na mahakama zote tatu zikaona hivyo, kwa nini isingeanzia mahakamani? Leo limebomoa ukuta wa kampuni kwa jina la umma, kesho litabomoa kibanda cha mama muuza mbogamboga kwa jina lile lile, na huyo hana wakili wa kumfikisha Mahakama ya Juu. Anayetetea amana kwa njia za kihuni ananifanya niwe na wasiwasi na amana yenyewe.

Halafu kuna mnunuzi. Huyu ndiye aliyenichukua usiku kadhaa. Tuseme ni mtu mwema. Amekwenda kwa msajili wa ardhi, amefanya upekuzi, ameambiwa hati ni safi, amelipa, na serikali ile ile iliyogonga muhuri inarudi baadaye kumwambia kwamba muhuri haukuwa na maana. Si dhuluma hiyo? Ni dhuluma. Sitaki kuipunguza. Fedha aliyotoa ni jasho la mtu kama fedha ya yule muuza maziwa wa 1926.

Lakini hasara iko mezani na lazima mmoja aibebe. Au aibebe mnunuzi, au waibebe wote waliowekewa uwanja, pamoja na ambao hawajazaliwa. Mimi naiweka kwa mnunuzi, na sababu yangu si kwamba yeye ni tajiri. Sababu ni kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuuliza. Angeweza kusimama pale barabarani akamuuliza mvuvi, "Mzee wangu, hapa palikuwa nini?" Swali hilo halina ada. Upekuzi wa ofisini unaonyesha kilichoandikwa. Mzee anaonyesha kilichokuwapo. Mtoto atakayezaliwa mwaka 2040 hana wa kumuuliza wala wa kumjibu, wala hawezi kutafuta bima au kumshtaki aliyemuuzia. Mnunuzi anaweza. Na hasa amshtaki aliyemuuzia, naye amshtaki aliyemuuzia yeye, hadi wafike kwa yule wa kwanza aliyekula bila kulima. Njia hiyo ni ndefu na najua wengi hufia njiani. Hata hivyo, bora mnyororo wa wauzaji ubebane wenyewe kwa wenyewe kuliko umma kulipishwa mara ya pili kitu chake chenyewe.

Kule Uingereza majaji walipata njia ya katikati ambayo inanivutia na kunichekesha kwa pamoja: mnunuzi abaki na ardhi yake, na watu wabaki na haki yao ya kutembea juu yake. Kamiliki, lakini huwezi kuzuia mpira. Hebu fikiria kulipa pauni 550,000 ili uwe mwenye nyumba wa wacheza mpira.

Nimesema yote haya yananihusu, na yananihusu kweli. Mtaani kwetu kuna uwanja. Si mkubwa, ukiupima kwa hatua unamaliza kabla hujachoka. Asubuhi vijana hukimbia, jioni hupiga mpira wakiwa bila viatu, siku ya Idi watu huswali hapo, na harusi zikizidi ukubwa wa nyumba turubai husimamishwa hapo hapo. Wazee wanasema baraza la zamani lilinunua ardhi hiyo kutoka kwa mwenye shamba wakati mtaa unaanza. Mwaka jana tukaona vigingi vipya vya mpaka vimechimbiwa pembe mbili. Hakuna aliyejua ni vya nani. Anayejua hasemi.

Nikaenda ofisi moja inayohusika na ardhi, jina naliacha. Nikaomba kitu kimoja: orodha ya maeneo ya wazi yanayoshikwa kwa niaba yetu. Sikuomba kumfukuza mtu wala kumtaja mtu, orodha tu. Kijana aliyekuwa dirishani, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akaniambia, "Mama, hiyo orodha si ya kumpa kila mtu."

"Mwanangu," nikamwambia, "hivyo viwanja ni vya kila mtu, halafu orodha yake si ya kila mtu?"

Akacheka kidogo. Nadhani aliona. Kisha akaniambia niandike barua, tena kwa Kiingereza, ndiyo wakubwa wataisoma haraka. Nikaandika, lakini kwa Kiswahili, kwa sababu Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na inampa ofisa siku 21 kuamua. Akaigonga muhuri. Nikatoka na nakala.

Naitaja safari hii kwa sababu inarudisha lile tangazo la Shrewsbury, la wiki mbili gazetini. Nilipolisoma mara ya kwanza nililidharau. Tangazo dogo kati ya matangazo ya paka waliopotea na samani zilizotumika, nani huyasoma? Sasa sioni tena hivyo. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kazi ya mbiu ni kumlazimisha mwenye nguvu atamke kwa sauti kile anachotaka kufanya kimyakimya. Anayelazimika kutangaza "nauza uwanja wenu" lazima kwanza ajue kwamba ni wenu. Angalau siku hiyo moja, lazima afungue kabati atafute jalada. Mahakama ya Uingereza ingeweza kusema, aa, ni tangazo tu, lisiangushe nyumba 15. Haikusema hivyo, na naamini ilikuwa sahihi, maana katika sheria yao tangazo ndilo mlango pekee ambao umma unaingilia. Ukiuziba, hakuna mwingine.

Kisa cha Uhuru Park cha mwaka 1989 mnakijua, jengo la ghorofa 60 na Wangari Maathai akibezwa, sitakirudia. Afadhali nikumbushe Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi. Walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezunguka uwanja wao wa kuchezea. Walipoandamana kuusukuma, polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa shule ya msingi! Hapo hapakuwa na tangazo pia. Ukuta ndio ulikuwa tangazo.

Najua pingamizi linalokuja, na si la kijinga. Mpwa wangu, mfanyakazi wa ujenzi, analitoa kila tukikaa pamoja. "Shangazi, mnalinda nyasi na watu hawana pa kulala. Waliopanga hivyo viwanja ni wakoloni, walijipangia wenyewe. Kwa nini ramani ya mtu aliyekufa initawale mimi?" Nyumba 15 za Shrewsbury ni familia 15. Na ni kweli kwamba bustani nyingi za miji yetu zilichorwa kwa ajili ya watu wachache wenye mbwa na miavuli, na waliobaki waliruhusiwa kuingia kuzifagia tu.

Wamarekani wa mji wa Boulder, jimbo la Colorado, wanampa mpwa wangu silaha. Mwaka 1967 wakazi walipiga kura kujitoza kodi ya mauzo ili wanunue ardhi ya wazi kuuzunguka mji wao, jambo ambalo hakuna mji mwingine Marekani uliokuwa umelifanya kwa namna hiyo. Hawakuishia hapo. Mwaka 1986 waliandika katika katiba ya mji kwamba ardhi hiyo haiuzwi mpaka wajumbe wasiopungua watatu kati ya watano wa bodi maalumu waafiki, kisha baraza la mji liafiki, halafu zipite siku 60 ambazo wananchi wanaweza kukusanya saini kulazimisha kura. Kwa kulinda amana sijaona kufuli bora. Leo milima yao ni ya kutazamwa. Na nyumba zao? Ghali kiasi kwamba wengi wanaofanya kazi mjini humo hulala miji mingine na kuingia asubuhi kwa gari. Amana waliilinda, na bei ya kuilinda ikawaangukia pia watu ambao hawakuwapo kupiga kura. Tena ukichimba zaidi, ardhi yenyewe ilikuwa ya Waarapaho kabla mtu yeyote hajaiuza kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo simwambii mpwa wangu kwamba kila uwanja ubaki uwanja hadi kiama. Namwambia mambo mawili. Kwanza, kubadili matumizi si kuuza. Kama watu wa mtaa, wameitwa na wamesikizwa, wataamua nusu ya uwanja ijengwe zahanati, ardhi bado ni yao, na watoto wao wanaweza kuamua vingine. Aliyeuza amewaamulia watoto wote watakaofuata, na huku kwetu anayeuza amechaguliwa kwa miaka mitano. Pili, angalia ni viwanja vya nani vinavyouzwa. Hoja ya makazi ya maskini husikika sana tunapotaka kuchukua uwanja wa maskini. Uwanja wa gofu huwa haisogezwi karibu.

Hapo hunyamaza, lakini si kwamba nimemshinda. Juzi alinirudia na swali ambalo sijapata jibu lake. "Na kama tukiitwa, shangazi, tukakaa wote pale uwanjani, wengi wakasema uuzwe tugawane? Utasema nini?" Nikamwambia ningepinga. Akasema, "Kwa haki gani, kama wenye mali wameamua?" Nikajibu kwamba wenye mali hawakuwapo wote, wengine hawajazaliwa. Akasema, "Basi hao ambao hawajazaliwa siku zote watapiga kura unavyotaka wewe."

Tulicheka, tukamalizia chai. Bado nalitafuna swali lake, na vile vigingi viwili bado vimesimama. Barua yangu inatimiza siku 21 Alhamisi ijayo. Kwenye ombi niliongeza mstari mmoja chini kabisa, kwamba pamoja na orodha wanionyeshe, kama ipo, risiti ya ununuzi.